Chupa ya Marekani kwa Mnywaji wa Wiski ya Uskoti

Busasamana ni nchi ya baridi. Udongo wake mweusi umetokana na volkano za Virunga, viazi hustawi humo, na jioni ukungu ushukapo watu hukaribia moto mapema. Wazee wa huko wanayo vinywaji vyao vya tangu zamani: urwagwa wa ndizi, ikigage cha mtama, na bia ya Primus iliyoanza kutengenezwa Gisenyi mwaka 1959. Lakini miongoni mwa wale waliowahi kuvaa sare wapo wachache waliojifunza kinywaji kingine katika safari za kazi, nacho ni wiski ya Uskoti.

Na achukuliwe mfano wa sajini mstaafu wa namna hiyo. Kwa miaka mingi chupa yake ya sikukuu imekuwa ya Uskoti, tena ile yenye moshi kidogo. Sasa binti yake anaposwa. Wazee wa upande wa pili, nao wanywaji wa wiski hiyo hiyo, watafika siku ya gusaba, na mwanawe koplo, arejeaye kutoka kazi ya kulinda amani, anapiga simu akiwa uwanja wa ndege: “Baba, chupa za Uskoti ulizozizoea hazipo. Zipo za Marekani tu. Nikuletee ipi?” Mama wa nyumba, ambaye ameshazihesabu fedha hizo kwa ajili ya bati la jiko, anasikia na kusema, “Mzee, ikiwa ni lazima inunuliwe, basi na iwe moja, na iwe ile itakayonyweka.” Chupa ni moja, wageni ni wa heshima, na fedha haitarudi. Hapo ndipo maarifa yanapohitajika.

Jambo la kwanza ni kuacha kuutafuta moshi mahali usipokuwapo. Wiski hutoka katika nafaka. Mwanamke wa Rwanda ajuaye kuandaa kimea cha mtama kwa ajili ya ikigage anaifahamu tayari nusu ya kazi: nafaka huloweshwa, huota, hukaushwa, husagwa, kisha huchachuka. Nusu ya pili ni kuikeneka, yaani kuichemsha na kuukusanya mvuke wake. Uskoti hutumia kimea cha shayiri, na katika sehemu kadhaa za nchi hiyo, hasa kisiwa cha Islay, kimea hukaushwa kwa moshi wa udongo wa vinamasi, ule ambao Wanyarwanda huuita nyiramugengeri na ambao Rwanda nayo imeuchimba kwa ajili ya umeme. Moshi wa chupa ya mzee unatoka huko. Marekani desturi hiyo si ya kawaida.

Kinywaji kikuu cha Wamarekani huitwa bourbon. Neno hilo si geni Rwanda, kwa kuwa mikahawa mingi ya nchi hiyo ni ya jamii ya Bourbon, iliyopewa jina la kale la kisiwa cha Réunion. Majina yote mawili yanarudi kwenye ukoo ule ule wa wafalme wa Ufaransa, lakini undugu wao unaishia hapo. Kwa sheria ya Marekani, angalau asilimia 51 ya nafaka ya bourbon lazima iwe mahindi, na kinywaji lazima kikae katika vyombo vipya vya mwaloni vilivyounguzwa ndani kwa moto. Mahindi huleta utamu. Mti uliounguzwa huleta rangi ya shaba pamoja na ladha ya vanila na sukari iliyoungua. Ndiyo maana mnywaji wa Uskoti aionjapo mara ya kwanza husema kuwa ni tamu mno, na wengine huishia hapo. Wanakosea kuharakisha.

Wanakosea kwa sababu ladha hiyo wameshaionja bila kujua. Pipa la bourbon halitumiki tena kwa bourbon, kwa kuwa sheria inataka chombo kipya kila mara. Hivyo mapipa yaliyotumika huuzwa, na mengi huvuka bahari hadi Uskoti, ambako sehemu kubwa ya wiski ya nchi hiyo hukomaa ndani yake. Ile vanila nyepesi iliyokuwa nyuma ya moshi katika chupa ya mzee ni ya mwaloni wa Marekani.

Umri nao usimtie mtu hasara. Uskoti hudai miaka 3 kwa uchache, na wanywaji wake wamezoea kuona 12 au 18 imeandikwa chupani, wakaichukua kama cheo begani. Kentucky hali ni nyingine. Majira ya joto huko ni makali, pipa ni jipya, na kinywaji huunyonya mti kwa haraka. Bourbon ya miaka 6 au 8 imeshakuwa mtu mzima, na ile iliyokaa mno yaweza kuwa chungu kama gome. Kuilipia namba kubwa kwa hesabu ya Uskoti ni kutupa fedha.

Kinachostahili kusomwa kwenye karatasi ya chupa ni maneno. Neno la hatari ni “blended”. Kwa Waskoti neno hilo ni la heshima: wiski za kimea na za nafaka nyingine, zote zilizokomaa kwenye pipa, zimechanganywa na fundi, na chupa nyingi maarufu Afrika Mashariki ni za namna hiyo. Kwa Wamarekani neno hilo hilo laruhusu kinywaji ambacho asilimia 20 tu yake ni wiski iliyokomaa, na iliyobaki yaweza kuwa pombe kali isiyo na ladha. Mzee akimwambia mwanawe “niletee blended kama ile ya siku zote,” ataletewa kitu kingine kabisa.

Neno la kutafutwa ni “straight”. Maana yake ni kwamba kinywaji kimekaa katika pipa jipya si chini ya miaka 2. Tena kikiwa chini ya miaka 4 lazima umri uandikwe. Kwa hiyo chupa ya “straight” isiyotaja umri ina miaka 4 au zaidi. Bora kuliko hayo ni maneno “bottled in bond”, yatokanayo na sheria ya mwaka 1897, iliyotungwa wakati wachuuzi walipokuwa wakitia rangi na takataka katika wiski. Chupa hiyo ni ya kiwanda kimoja na msimu mmoja, imekaa miaka 4 kwa uchache katika ghala lililo chini ya usimamizi wa serikali, na nguvu yake ni asilimia 50 kamili. Kwa mtu aliyezoea utaratibu wa kambi, hakuna maelezo yaliyo wazi zaidi.

Basi ipi? Mnywaji wa wiski laini za Speyside, kama Glenlivet au Glenfiddich, ataafikiana na Maker's Mark, ambayo hutumia ngano pamoja na mahindi na haichomi koo. Aliyezoea Johnnie Walker ya karatasi nyeusi atapenda kitu chenye ukali wa viungo, mfano Four Roses au Wild Turkey ya asilimia 50.5. Ukali huo hutoka katika rai, nafaka ya nchi za baridi iliyo jamaa ya ngano. Wiski ambayo rai ndiyo nafaka yake kuu huitwa “rye”. Ni kavu zaidi, ina harufu ya pilipili manga na mdalasini, na kwa mpenda moshi ndiyo inayokaribia, si kwa kufanana bali kwa kukataa utamu. Rittenhouse ya “bottled in bond” ni mfano mzuri, wala haimo katika zile za bei ya kutisha. Mtu wa Laphroaig au Lagavulin hataridhishwa na bourbon yoyote. Huyo na atafute wiski ya kimea iliyotengenezwa Marekani, kama ya Westland ya Seattle, waliowahi kutoa hata ya moshi.

Jack Daniel's, ambayo koplo hataikosa uwanjani, ni ya Tennessee, nayo huchujwa kwa mkaa wa mti wa mepo. Mkaa huo huwadanganya wengi: hauongezi moshi, huondoa ukali. Ni kinywaji chema, na historia yake ni ya kusimuliwa mbele ya wageni, kwa kuwa aliyemfundisha Jack Daniel kazi hiyo alikuwa Nathan “Nearest” Green, mtu mweusi aliyekuwa mtumwa, ambaye kiwanda chenyewe kilichelewa hadi mwaka 2016 kumtambua hadharani. Lakini kwa wazee wa moshi, umaarufu wake si sababu ya kuichagua. Koplo na aulize “rye” kwanza. Akiikosa, achukue Wild Turkey.

Nguvu ya asilimia 50 yataka kipimo. Mililita 30 za kinywaji cha asilimia 40 zina pombe halisi mililita 12. Za asilimia 50 zina 15. Chupa kubwa ya Primus, sentilita 72 kwa asilimia 5, ina 36. Yaani vikombe vitatu vidogo vya wiski ya kawaida ni sawa na Primus moja kubwa, na wageni kumi wanaweza kuhudumiwa kwa chupa moja pasipo aibu. Kijiko cha maji safi katika kila bilauri hufungua harufu na kupunguza makali. Na yule adhaniaye kuwa pombe hutia joto, ajue kwamba huipeleka damu kwenye ngozi, akahisi joto huku mwili ukiupoteza moto wake kwa ukungu wa nje.

Chupa na inunuliwe dukani penye risiti, kifuniko kikiwa hakijaguswa. Ile ya bei nusu inayotolewa chini ya kanga karibu na mpaka yaweza kuwa kanyanga iliyotiwa rangi, ambayo sheria ya Rwanda imeiweka miongoni mwa dawa za kulevya, au yaweza kuwa na methanoli, ambayo hupofusha na kuua. Wiski haizidi kukomaa ndani ya chupa. Isimamishwe wima kabatini, mbali na jua, isilazwe kama divai. Na sherehe ikiisha, mama wa nyumba aichane karatasi na kukivunja kifuniko kabla chupa tupu haijatoka uani, kwa kuwa waghushi huzinunua hizo kwa bei nzuri.