Vidonge Vikiisha, Mama Asirudi Mikono Mitupu

Mwanamke anayemeza vidonge vya majira akifika dirisha la dawa na kuambiwa vimeisha, arudi mwezi ujao, wengi wetu huona kwamba amecheleweshwa tu. Mwili wake hauna subira hiyo. Vidonge hivi hufanya kazi kwa kumezwa kila siku, na pengo la hatari kuliko yote ni lile la kati ya pakiti moja na nyingine: zikishapita siku saba bila dawa, kila siku inayoongezeka huipa ovari nafasi ya kukomaza yai. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kwamba katika kila wanawake 100 wanaotumia vidonge bila kukosea kwa mwaka mzima, wanaoshika mimba hawafiki hata mmoja. Kwa matumizi ya kawaida, yenye kusahau hapa na pale, hufika 7. Kwa wasiotumia njia yoyote, hukaribia 85. Anayerudishwa bila pakiti anatolewa kundi la kwanza na kutupwa la mwisho, na aliyemtupa huko ni kliniki. Kwa hiyo neno "vimeisha" ni uamuzi wa tiba sawa na kumwandikia mtu dawa, na anayelitamka anapaswa kuwajibika kwa yatakayofuata.

Mayfair, magharibi mwa katikati ya jiji la Johannesburg, jambo hili lina uzito wa pekee. Kwenye 8th Avenue na mitaa ya jirani hadi Fordsburg, Kiswahili husikika dukani na msikitini: wapo Watanzania, Wakenya, Wakongo wa mashariki, na Wasomali waliokulia Eastleigh au kambi za Dadaab nchini Kenya kabla ya kushuka kusini. Asiye na bima wala fedha za kununua pakiti kila mwezi hutegemea kliniki za serikali, ambako uzazi wa mpango hutolewa bure. Na uhaba katika kliniki za Afrika Kusini una historia. Mwaka 2013 mashirika ya kiraia, yakiwemo Madaktari Wasio na Mipaka, Treatment Action Campaign na SECTION27, yaliunda mradi wa Stop Stockouts ili kufuatilia dawa zinazokosekana. Mwaka 2018 sindano za uzazi wa mpango zilipungua, na wanawake waliozizoea wakaelekezwa kwenye njia nyingine, vidonge vikiwemo. Sababu za uhaba hutofautiana: zabuni iliyochelewa kusainiwa, kiwanda kilichokosa malighafi, bohari isiyolipa kwa wakati, kliniki iliyoagiza kidogo. Mgonjwa hana haja ya kuzijua tofauti hizo, lakini mtumishi wa afya anazihitaji, kwa sababu upungufu wa kiwandani unaweza kudumu miezi, ilhali ule wa oda mbaya unaweza kumalizwa kwa gari moja kutoka kliniki jirani mchana uleule.

Ubaya wa uhaba wa aina hii ni kwamba hujificha wenyewe. Kliniki huagiza dawa kwa kuangalia zilizotoka. Chukua mfano wa kliniki iliyopokea pakiti 60 zikaisha tarehe 12. Kitabu kitaonyesha matumizi ya 60, hata kama wanawake 50 zaidi walifika baada ya hapo wakageuzwa. Oda inayofuata kitabu italeta 60 tena. Baadhi ya waliogeuzwa watakata tamaa, mahudhurio yatashuka, na kule bohari kushuka huko kutasomwa kuwa mahitaji yamepungua. Wataalamu wa ugavi wanajua kwamba siku ambazo rafu ilikuwa tupu hazipaswi kuhesabiwa kana kwamba hakuna aliyeitaka dawa, lakini marekebisho hayo hayawezekani pasipo kumbukumbu. Kliniki nyingi nchini humo huripoti akiba yake kwa programu ya simu, nayo ni hatua njema. Hata hivyo simu huhesabu kilichomo kabatini. Waliokosa huhesabiwa na yule aliyewaona, kwa daftari na kalamu: tarehe, kidonge alichokuja kuchukua, na alichopewa badala yake. Mstari huo mmoja ndio utakaomlazimisha mkubwa wa ugavi kuongeza oda.

Halafu ipo kazi ya palepale dirishani. Majina kwenye pakiti huwatisha watu kuliko inavyostahili. Triphasil ina vidonge vya rangi tatu, 6, 5 na 10, kwa kuwa kiasi cha homoni hubadilika ndani ya mwezi. Nordette ina kiasi kilekile katika vidonge vyote 21 vyenye dawa. Homoni zilizomo ni zilezile mbili, ethinylestradiol na levonorgestrel. Mwenye afya njema anayetumia moja anaweza kuhamia nyingine bila kusubiri hedhi: anamaliza vidonge vyenye dawa, kesho yake anaanza pakiti mpya. Vidonge vya homoni mbili vikikosekana kabisa, vipo vya homoni moja, ambavyo pia humfaa anayenyonyesha na mwenye shinikizo la damu, ila vya levonorgestrel havitaki mzaha na saa: kuchelewa zaidi ya saa tatu ni sawa na kusahau. Ipo sindano ya miezi miwili au mitatu. Na kama siku zimeshapita bila kinga na mama amekutana na mumewe, ipo P2, dawa ya dharura ya kuzuia mimba, yenye nguvu zaidi kadiri inavyomezwa mapema na isiyopaswa kuvuka siku tano. Karatasi moja iliyobandikwa ukutani, ikionyesha kidonge kipi kina homoni gani na kinabadilishwa na kipi, humwokoa nesi asilazimike kukumbuka yote haya huku foleni ikimtazama. Ikiwa kabati halina chochote kati ya hivyo, mama aondoke na kondomu za kutosha, barua ya rufaa, na jina la kliniki ambayo nesi ameipigia simu na kuhakikisha kwamba dawa ipo.

Mabadiliko hayo hayana thamani yasipoeleweka, na Mayfair lugha ni sehemu ya tiba. Mama aliyezoea rangi tatu akipewa pakiti yenye rangi nyingine, anaweza kuanzia vile visivyo na dawa, au akaiacha kabisa kwa hofu. Nesi ampe pakiti mkononi, amwombe aonyeshe kwa kidole ataanzia wapi na siku gani, na aeleze atafanya nini akisahau siku mbili. Mkalimani asiwe mtoto aliyetolewa shuleni, wala mume, kwa sababu yapo ambayo mwanamke hatayasema mbele yao. Mtaa huu una wanawake wanaozungumza Kiswahili, Kisomali na Kiingereza kwa ufasaha. Idara ya afya ikiwalipa hata siku mbili kwa wiki, itakuwa imenunua usalama kwa bei ndogo.

Wapo watakaosema dawa ya yote haya ni kijiti au kitanzi, tuachane na foleni za kila mwezi. Kweli, kijiti cha Implanon hukinga miaka mitatu, na serikali ilikileta katika kliniki zake mwaka 2014. Anayekitaka apewe. Lakini aliyekuja kutafuta vidonge asisukumwe kwenye kijiti kwa kuwa kabati ni tupu. Nchi hii inakumbuka kwamba chini ya ubaguzi wa rangi, mpango wa uzazi ulioanzishwa mwaka 1974 uliwachoma wanawake weusi sindano ya Depo-Provera, mara nyingi bila ridhaa ya maana, na kovu hilo halijafutika. Ipo pia sababu ya kitabibu: rifampicin, dawa ya kifua kikuu, hupunguza nguvu ya kijiti kama inavyopunguza ya vidonge, kwa hiyo anayebadilishiwa njia bila kuulizwa anatumia dawa gani amepewa kinga ya jina tu. Na ipo sababu ambayo watumishi wengi hawaijui. Kijiti na sindano huweza kuleta damu ya matone isiyo na mpangilio kwa miezi. Kwa mwanamke wa Kiislamu swali linalofuata ni la swala na funga, je, hii ni hedhi au siyo, na asipotayarishwa atarudi wiki ya sita kutaka kijiti kitolewe. Vivyo hivyo anayepanga kuzaa mwaka ujao anapaswa kuambiwa, kabla ya sindano ya miezi mitatu, kwamba rutuba inaweza kuchelewa kurejea.

Malalamiko ya manesi kwamba hawana muda ni ya haki, na yeyote anayeyabeza hajaiona foleni ya Jumatatu. Ila hesabu ya muda ifanywe hadi mwisho. Anayerudishwa leo atarudi kesho kutwa, na juma lijalo, kisha huenda akarudi kuanza kliniki ya wajawazito. Dakika chache za kumbadilishia kidonge ni nafuu kuliko safari zote hizo. Wengine huona haki ni kumgawia kila mmoja pakiti moja moja ili zitoshe. Mimi naona mgao huo unafaa kwa kitu kimoja tu: kidonge kisicho na mbadala kwa mtu fulani. Pakiti chache za homoni moja ziwekewe wanaonyonyesha na wenye shinikizo la damu, na wengine wapewe kwa wingi kile kilichopo.

Hoja nzito kuliko zote Mayfair ni ile inayosemwa getini: wageni ndio wanaomaliza dawa. Mwaka 2025 vikundi vinavyopinga wahamiaji, kama Operation Dudula, vilisimama kwenye milango ya kliniki vikidai vitambulisho, na Novemba mwaka huo Mahakama Kuu ya Johannesburg ikavikataza. Katiba, kifungu cha 27, inampa kila mtu haki ya huduma za afya, na imetaja afya ya uzazi kwa jina. Mwenyeji anayekosa dawa ana uchungu wa kweli, na haitoshi kumsomea katiba. Aelezwe kwamba mgeni akigeuzwa getini, mahitaji yaliyoandikwa hupungua, oda hupungua, na kabati la wote hubaki dogo. Mimba isiyotarajiwa ya mgeni huyo italelewa katika wodi zilezile za hospitali ya Rahima Moosa ambazo mwenyeji naye anazitegemea. Aprili 2023 mahakama ilishaamua kwamba hospitali za serikali za jimbo la Gauteng hazina ruhusa ya kuwatoza wajawazito kwa sababu ya uraia wao.

Upungufu mwingine huzaliwa mbali, na hakuna nesi anayeweza kuuzuia. Mwaka 2025, baada ya Marekani kuifunga USAID, dawa za uzazi wa mpango zenye thamani ya dola milioni 9.7 zilikwama ghalani Geel, Ubelgiji, zikisubiri amri ya kuteketezwa. Shirikisho la kimataifa la uzazi wa mpango, IPPF, lilieleza kwamba shehena ya Tanzania pekee ilikuwa na sindano zaidi ya milioni moja na vijiti zaidi ya 365,000, karibu asilimia 28 ya mahitaji ya nchi kwa mwaka. Wizara inayotegemea mfadhili mmoja imeshaonywa. Afrika Kusini hununua dawa zake nyingi kwa fedha zake yenyewe, hivyo haina kisingizio hicho, na inaweza kuanza na jambo ambalo WHO imelipendekeza kwa miaka mingi: vidonge vikipatikana, mwanamke anayevitaka apewe hadi vya mwaka mzima kwa mara moja. Utafiti uliofanyika California na kuchapishwa mwaka 2011 ulikuta kwamba waliopewa akiba ya mwaka walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 30 wa kupata mimba wasiyoipanga, wakilinganishwa na waliopewa ya mwezi mmoja au mitatu. Litaibuka swali la shinikizo la damu; kipimo hicho ni cha dakika moja, kinaweza kufanywa na mhudumu wa afya wa mtaani au duka la dawa, wala hakihitaji pakiti kufungiwa stoo. Mwanamke wa Mayfair anayepewa za miezi mitatu hufunga safari nne kwa mwaka, kila moja ikiwa na nauli, siku ya kazi iliyopotea, na huenda mtu getini anayetaka kitambulisho. Akiba ya mwaka humpunguzia tatu kati ya hizo.