Mwindaji au Mtazama Ndege? Anayelipa ni Mkulima wa Ngenge

Makamanda, kuna ubishi hauishi: gharama za kulinda wanyamapori abebe nani, mwindaji mwenye bunduki au mtalii mwenye darubini anayekuja kutazama ndege? Wa bunduki anasema yeye ndiye anayelipa hela ndefu. Wa darubini anasema yeye haui kitu. Wote wana hoja. Ila sisi wa Ngenge tuna swali letu: mbona bili inaletwa kwetu?

Tukumbushane. Burigi ilikuwa pori la akiba, uwindaji wa kitalii ukiruhusiwa. Kwa utaratibu wake, asilimia 25 ya ada za wanyama waliowindwa ilitakiwa kurudi halmashauri. Mwaka 2019 Burigi, Biharamulo na Kimisi yakaunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato. Humo hakuna kuwinda. Sawa, hatulilii bunduki. Lakini ilipoondoka, na ile asilimia ikaondoka nayo. Mtazama ndege analipa getini, na mwaka wa fedha 2020/21 makusanyo ya TANAPA yakaelekezwa Mfuko Mkuu wa Serikali. Kijiji kinabaki kusubiri miradi ya "ujirani mwema", yaani hisani.

Tembo akimaliza shamba je? Kanuni za 2011 ziliweka kifuta jasho kisichozidi shilingi 100,000 kwa ekari, mwisho ekari tano. Mtu akiuawa, kifuta machozi kiliwekwa milioni moja. Jina lenyewe linajieleza: hiyo si fidia, ni leso!

Sasa vuka hapo Mutukula. Uganda sheria inataka asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi iende kwa jamii zinazoizunguka. Sheria, si hisani. Kumbe inawezekana.

Watasema hifadhi yetu bado changa, wageni wachache. Haya. Asilimia 20 ya kidogo ni kidogo, lakini ni yetu, na itakua pamoja na hifadhi.

Msimamo wetu: anayekuja kufaidi ndiye alipe, awe na bunduki kwenye pori la akiba au darubini hifadhini. Na fungu la kijiji liandikwe kwenye sheria. Mkulima asiye na bunduki wala darubini asigeuzwe mfadhili wa hifadhi.

Mgombea yeyote akija Ngenge, hata wa kwetu, muulizeni: asilimia ngapi? Asipotaja namba, mwacheni apite zake.