Kifaa cha umeme cha kipandauso: uliza kimesaidia nani

Mtu huhesabiwa kuwa na kipandauso sugu anapoumwa kichwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, na angalau siku 8 kati ya hizo zikiwa za kipandauso chenyewe. Aliyefika hapo akisikia kuna kifaa cha umeme kinachotuliza neva bila vidonge, atauza hata mbuzi akinunue. Simlaumu.

Kinachojulikana zaidi ni Cefaly, kinachobandikwa kwenye paji la uso. Marekani ilikiruhusu mwaka 2014, na tangu 2020 huuzwa huko bila cheti cha daktari. Utafiti uliokipa jina ulifanywa Ubelgiji kwa wagonjwa 67 na kuchapishwa 2013. Waliokitumia dakika 20 kila siku kwa miezi 3, asilimia 38 walipungukiwa na siku za kipandauso kwa nusu au zaidi. Kwa waliopewa kifaa bandia ilikuwa asilimia 12. Si haba, ila wagonjwa hao walikuwa na kipandauso cha kuja na kuondoka, si kile sugu.

Kwenye sugu habari hubadilika. Kifaa cha kushika shingoni, kinachosisimua neva ya vagasi, kilijaribiwa kwa wagonjwa 59. Matokeo ya 2016 yalionyesha kwamba baada ya miezi 2 hakikukizidi kifaa bandia kwa kiwango cha kutegemewa. Kile cha kupandikizwa kisogoni, chini ya ngozi, kilijaribiwa kwa wagonjwa 157. Mwaka 2012 ilitangazwa kuwa hakikufikia lengo lake kuu, na wapo waliopata maambukizi au nyaya zikahama.

Vya nje havina madhara makubwa, lakini mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo asivitumie.

Kabla ya kutoa fedha, hesabu vidonge vyako. Anayemeza parasetamoli siku 15 au zaidi kwa mwezi, au dawa za mchanganyiko siku 10, huenda vidonge hivyo ndivyo vinavyomrudishia maumivu, na kifaa hakitamwondolea tatizo hilo. Kisha mwulize daktari kuhusu propranololi na amitriptilini, dawa za zamani, za bei nafuu, za kuzuia kipandauso. Huhitaji miezi 2 au 3 kuonyesha kazi yake. Wengi huziacha mapema. Mwenye pumu aseme mapema, maana propranololi haimfai.