Mechi za Kujipima Nguvu Si Ligi

Mashabiki wa kandanda ya Australia, ile ya wachezaji 18 kila upande na mpira wenye umbo la yai, wana tabia kama yetu. Kabla ligi haijaanza mwezi Machi, timu ikishinda mechi mbili za kujipima nguvu, basi kombe wameshalitia kabatini! Ikishindwa, kocha hafai na chipukizi hawajui kitu. Eti nyota njema huonekana asubuhi.

Mimi nasema hapana. Mwaka wa 2005 Carlton walitwaa kombe la kabla ya msimu. Ligi ilipoisha, Carlton hao hao walikuwa wanaburura mkia, nambari 16 kati ya timu 16! Wakalitwaa tena mwaka wa 2007, wakamaliza wa 15. Ni kweli Essendon walishinda yote mawili mwaka wa 2000, lakini ni nani angeweza kuzitofautisha nyota hizo mapema?

Mechi hizo ni za kocha kujaribu vijana, na vijana huhitaji muda. Aliir Aliir, aliyezaliwa Kakuma papa hapa Kenya, alichaguliwa na Sydney mwaka wa 2013, akaingia ligini 2016. Mwaka wa 2021, akiwa Port Adelaide, aliteuliwa katika kikosi bora cha ligi nzima. Je, wangemtupa mapema?

Jamani, tushangilie, tubishane, lakini hukumu tuiweke hadi mwisho wa msimu. Kelele za Februari hazina pointi.