Soksi za Mtoto Ziwe za Kumfaa

Kule Njombe na Makete, miezi ya Juni na Julai baridi ni kali. Mtoto mchanga hupoteza joto upesi kuliko mtu mzima. Kwa hiyo soksi kwake si pambo. Ni kinga.

Lakini soksi nyingi za watoto hutengenezwa ili zipendeze macho tu. Ni fupi. Mtoto akirusha miguu, zinavuka. Nyingine zina mpira unaobana na kuacha alama mguuni.

Sisi tunaojua kufuma, tufume za kufaa. Soksi ipite kifundo cha mguu, ikaribie goti. Sehemu ya juu ivutike, isibane. Vidole vipate nafasi ya kucheza. Ndani tukate nyuzi zote zinazoning'inia. Uzi mmoja ukizunguka kidole cha mtoto huweza kuzuia damu, na kidole kikaharibika. Basi kabla ya kumvisha, tuigeuze soksi na kuikagua.

Mtoto anayejifunza kutembea asiachwe na soksi tupu kwenye sakafu ya saruji. Atateleza. Heri atembee peku ndani ya nyumba, vidole vishike sakafu.

Soksi njema haitaki fedha nyingi. Yataka uzi, sindano na uangalifu wa mzazi.