Jina la Mwisho Si Cheti cha Asili

Mtu akitajiwa jina la ukoo asilowahi kulisikia, huuliza maswali mawili: mwenyewe ni wa wapi, na jina lina maana gani? Akijibiwa huridhika, akaona amekwisha kumjua mhusika. Nyuma ya maswali hayo kuna imani iliyoenea, kuanzia mabarazani hadi katika vitabu vinavyoorodhesha majina adimu ya mataifa pamoja na tafsiri zake: kwamba jina la ukoo limeshuka na damu kutoka kwa babu wa kale, kwamba kadiri lilivyo adimu ndivyo lilivyo la zamani, na kwamba anayeijua maana yake anaijua asili ya mwenye nalo. Naipinga imani hiyo yote. Majina mengi mno ya ukoo yanayotumika duniani leo yaliingizwa daftarini kwa amri ya serikali, amri yenye tarehe na sahihi, kwa ajili ya kodi, jeshi na sensa. Jina la namna hiyo hutoa habari nyingi za dola iliyolidai, na chache sana za mtu aliyelibeba.

Ushahidi ulio wazi kuliko mwingine wote uko Ufilipino. Tarehe 21 Novemba 1849, Gavana Mkuu wa Kihispania, Narciso Clavería, alitoa amri kwamba kila familia ya visiwa hivyo iwe na jina la ukoo la kudumu. Kabla ya hapo wengi waliobatizwa walikuwa wakijitwalia majina ya ibada kama de la Cruz na de los Santos, na ndugu wa baba mmoja waliweza kuwa na majina tofauti bila mtu yeyote kuona ajabu. Walioona ajabu ni watoza kodi, ambao hawakujua nani amekwisha kulipa, na mapadri, ambao hawakuweza kutambua kama wachumba waliosimama mbele yao ni jamaa. Dawa ya Clavería ilikuwa katalogi ya majina yapatayo 60,000 yaliyopangwa kwa alfabeti: mengine ya Kihispania, mengine yameokotwa katika lugha za visiwani, majina ya mimea, wanyama, madini na sura ya nchi. Kurasa ziligawanywa kwa majimbo, kisha kwa miji, na mkubwa wa kila familia akachagua katika ukurasa uliomfikia. Ndiyo maana hadi leo mji wa Oas, mkoani Albay, unajulikana kwa majina yanayoanza na herufi R. Anayeikuta R hiyo amekutana na ukurasa wa katalogi. Vivyo hivyo, mamilioni ya Wafilipino wana majina ya Kihispania, na wengi wao hawana hata babu mmoja aliyetoka Hispania.

Uturuki ilifanya hivyo baadaye, tena kwa ukali zaidi. Sheria ya Majina ya Ukoo ilipitishwa tarehe 21 Juni 1934 katika nchi ambamo watu walitambuana kwa jina la baba, kwa lakabu, kwa kazi au kwa mji. Novemba mwaka huohuo Bunge lilimpa Mustafa Kemal jina la Atatürk, yaani Baba wa Waturuki, na mtu mwingine yeyote akakatazwa kulitumia. Raia wa kawaida walitakiwa wajichagulie majina, lakini sheria ilipiga marufuku majina yanayotaja makabila au mataifa ya kigeni. Mkurdi hakuweza kujiandikisha kwa jina la kabila lake, kwa hiyo wengi waliishia na maneno ya Kituruki yanayosifu Uturuki. Mmoja wa wanasiasa mashuhuri wa Kikurdi, aliyewahi kuchaguliwa meya wa Mardin, anaitwa Ahmet Türk. Tafsiri ya jina lake ni Mturuki. Huyo ni mtu aliyetumia maisha yake kudai haki za Wakurdi, na yeyote atakayemsoma kwa tafsiri ya jina atapata kinyume cha ukweli. Sioni mfano mzito kuliko huo: hapa jina halikushindwa tu kueleza asili, liliandikwa makusudi ili kuifuta.

Uadimu nao haudhihirishi ukale. Thailand haikuwa na majina ya ukoo hadi Mfalme Vajiravudh alipoyaagiza kwa sheria ya mwaka 1913, naye mwenyewe alitunga zaidi ya majina 6,000 akayagawa. Sharti lilikuwa kwamba familia mbili zisizo na undugu zisishiriki jina moja. Kwa hiyo kila aliyechelewa kujiandikisha, wakiwamo wahamiaji wengi wa Kichina, alilazimika kuunga maneno mengi zaidi ili apate jina ambalo halijachukuliwa. Majina marefu na ya peke yake yanayowashangaza wageni leo mara nyingi ni ya waliofika mwisho kwenye daftari. Mongolia inaonyesha upande wa pili. Majina ya koo yalipigwa marufuku katika miaka ya 1920, na yaliporudishwa katika miaka ya 1990 watu wengi walikuwa hawayakumbuki tena. Maelfu kwa maelfu wakachagua Borjigin, ukoo wa Genghis Khan, na jina la heshima kuu likageuka kuwa la kawaida kabisa. Gürragchaa, Mmongolia wa kwanza kufika angani mwaka 1981, alichagua Sansar, neno la kutaja anga la mbali. Jina hilo ni adimu na lina maana nzuri sana, na babu zake hawakupata kulisikia.

Tuje kwenye tafsiri, maana hapo ndipo wapenzi wa majina wanapojiamini zaidi. Uholanzi kuna jina Naaktgeboren, ambalo kwa Kiholanzi cha leo husomeka aliyezaliwa uchi. Simulizi iliyozoeleka ni kwamba Napoleon alipoamuru majina yaandikishwe mwaka 1811, Waholanzi walimdhihaki kwa kuandika upuuzi. Lakini jina hilo lilikuwapo kabla ya Napoleon, na maelezo yenye nguvu zaidi yanalihusisha na neno la Kijerumani la mtoto aliyezaliwa baada ya baba yake kufa. Msiba wa familia umegeuzwa kichekesho kwa sababu mtu alisoma sauti za leo akadhani amesoma historia.

Hata pale tafsiri inapokuwa sahihi, haitufikishi kwenye ukoo. Neno nyerere kwa Kizanaki ni kiwavi. Chifu Nyerere Burito alipewa jina hilo kwa kuwa alizaliwa wakati viwavijeshi wamevamia. Mwanawe, aliyezaliwa mwaka 1922, aliitwa Kambarage kwa jina la mzimu wa mvua, na ubatizo ukamwongezea Julius. Jina lake mwenyewe ni Kambarage. Nyerere ni la baba. Anayefasiri Nyerere akaishia hapo ameeleza hali ya mashamba ya Wazanaki siku ile chifu alipozaliwa, na kuhusu ukoo hajasema lolote. Kenyatta naye alizaliwa Kamau wa Ngengi. Jina lililomfanya ajulikane duniani linatokana na mkanda wa shanga aliopenda kuuvaa, na mwanawe Uhuru, aliyezaliwa mwaka 1961, amelipokea kama jina la familia. Kizazi kimoja kimetosha kugeuza vazi kuwa ukoo. Koo za Wagikuyu wenyewe, zile zinazohesabiwa kwa mabinti wa Mumbi, mama wa kabila hilo katika simulizi, hazimo kabisa katika jina hilo.

Wapo watakaonijibu kwamba majina ya kale ya kweli yapo. Yapo, na siwabishii. Wachina wamerithishana majina kutoka baba hadi mwana kwa zaidi ya miaka 2,000. Lakini hata huko, mwaka 496 Mfalme Xiaowen wa dola ya Wei ya Kaskazini aliamuru familia yake ya Tuoba iitwe Yuan, na familia nyingine za Waxianbei zichukue majina ya Kichina. Karne chache baadaye, nani angewatofautisha kwa kusoma jina? Kwetu pwani, nisba kama Mazrui na Barwani zina historia ndefu inayostahili heshima. Ila neno nisba lenyewe linasema kunasibishwa, na mtu hunasibishwa na mji, na kabila, na pia na nyumba aliyoitegemea. Wapo waliotoka utumwani, kabla na baada ya amri ya Zanzibar ya mwaka 1897 iliyofuta utumwa kisheria, waliobaki na nisba za waliowamiliki. Nisba yao ni ya kweli na historia yao ni ya kweli, lakini damu inayodhaniwa haimo. Jina la kale ni ushahidi wa uhusiano. Uhusiano wa aina gani, jina peke yake haliwezi kusema.

Wengine watauliza kwa nini nipoteze wino kwa jambo lisilomdhuru mtu. Linadhuru. Nchini Kenya, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu walisimamishwa kwenye vizuizi vya barabarani wakatakiwa watoe vitambulisho ili majina yao yasomwe, na kilichosomwa kiliamua nani apite. Mke anayebeba jina la mume wa kabila jingine, au mtoto aliyepewa jina la rafiki wa babu, alikuwa akihukumiwa kwa imani hii ninayoipinga. Tena kuna adha za kila siku zisizomwaga damu. Katika mila za Burundi na Rwanda kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, linalotamka shukrani, huzuni au matumaini ya siku ile. Hayati Rais Pierre Nkurunziza wa Burundi, ambaye jina lake maana yake ni habari njema, alikuwa mtoto wa Eustache Ngabisha. Fomu ya kigeni huliona jina kama hilo ikaliweka penye nafasi ya ukoo, na mzazi anayesafiri na watoto wanne wenye majina manne huweza kutakiwa athibitishe kuwa ni wake. Wanaodhani kukosa jina la ukoo ni dalili ya kubaki nyuma waiangalie Iceland, ambako watu wengi hutumia jina la baba tu na sheria ya mwaka 1925 ilizuia kuanzishwa kwa majina mapya ya familia. Vigdís Finnbogadóttir, yaani Vigdís binti Finnbogi, aliiongoza nchi hiyo kuanzia mwaka 1980 hadi 1996.

Hoja ya mwisho ni kwamba serikali haiwezi kutambua raia bila jina la ukoo. Karne ya 19 pengine ilikuwa na udhuru huo. Leo Kitambulisho cha Taifa cha Tanzania kina namba yenye tarakimu 20, inayoanza na tarehe ya kuzaliwa, na hakuna watu wawili wenye namba moja. Basi wanaotunga fomu zetu, za shule, benki na uhamiaji, waondoe nafasi ya jina la ukoo na kuweka mstari mmoja wa majina kamili kwa mpangilio wa mwenye nayo. Nawe msomaji, ukikutana na jina usilolijua, usimwambie mtu yeye ni nani kabla hajakwambia mwenyewe. Muulize nani alimpa jina hilo, na lini.