Kura Zikilingana, Mwamba Ngoma Asiamue

Wapo watu, tena wengine ni wasomi, wanaolidharau swali la nini kifanyike kura zinapolingana. Husema kwamba jambo hilo ni nadra mno, na kwamba likitokea busara ya viongozi itatosha. Fikra hiyo ni ya hatari, na historia yetu wenyewe inaikanusha.

Januari 1961 Zanzibar ilifanya uchaguzi wa viti 22. Afro-Shirazi ilipata viti 10, kimojawapo, cha Chake Chake, kwa kura moja tu. Hizbu ilipata 9, na ZPPP 3. ZPPP ikagawanyika: wawili wakaiunga mkono Hizbu, mmoja Afro-Shirazi. Ikawa 11 kwa 11. Wakoloni ndio waliopanga idadi ya viti inayogawanyika sawasawa kwa mbili. Fundo lilipokaza ndipo walipoongeza kiti cha 23 na kuitisha uchaguzi mwingine mwezi Juni. Katika ghasia za uchaguzi huo watu 68 walipoteza maisha. Hatusemi kwamba kura kulingana ndiko peke yake kulikoleta maafa hayo, kwani chuki ilikwisha kulundikana. Tunasema kwamba kanuni inayotungwa baada ya kura kuhesabiwa haiaminiwi na yeyote, kwa sababu mwamba ngoma huvutia kwake.

Marekani nayo ilijifunza kwa taabu. Katika uchaguzi wa 1800 Thomas Jefferson na Aaron Burr walipata kura 73 kila mmoja, na Baraza la Wawakilishi likalazimika kupiga kura mara 36 hadi Februari 1801 ndipo Jefferson akapatikana. Kabla ya uchaguzi wa 1804 Katiba ilirekebishwa. Leo, mgombea asipopata zaidi ya nusu ya kura 538 za wajumbe wa uchaguzi, Baraza hilo humchagua Rais, kila jimbo likiwa na kura moja. Kwamba California na Wyoming ziwe na uzito mmoja ni dosari kubwa. Lakini ni dosari inayojulikana kabla ya mtu yeyote kujua itamfaa nani. Januari 2018 huko Virginia wagombea wawili walikuwa na kura 11,608 kila mmoja. Jina la mshindi likachotwa katika bakuli, na kwa jina hilo chama kimoja kikapata wingi wa viti 51 kwa 49. Tunaweza kuicheka bahati nasibu hiyo. Hata hivyo aliyeshindwa alikubali, akagombea tena 2019, akashinda.

Hapa Dodoma, Katiba ya nchi inaeleza wazi kwamba anayeongoza kikao cha Bunge hana kura ya kawaida. Ana kura ya uamuzi pale tu kura zinapolingana. Basi kwa nini kamati zetu za shule, vyama vya akiba na mikopo na vikao vya idara, toka Kongwa hadi Kondoa, viendeshwe kwa kubahatisha? Yuko mwenyekiti anayepiga kura pamoja na wenzake, kisha zikilingana huinua mkono mara ya pili bila kanuni yoyote kumruhusu. Yuko mwingine anayeahirisha kikao mpaka siku ambayo mpinzani wake yuko safarini. Huo si uongozi, ni ujanja.

Watumishi wa umma na walimu ndio wanaoandika kanuni na kumbukumbu za vikao hivyo, na dhamana ni yao. Kila kikao kiandike mapema: je, mwenyekiti ana kura ngapi? Hoja iliyopata kura sawa imeanguka, au itarudishwa kwa wajumbe? Lini, na kwa akidi ipi? Yaandikwe leo, wakati hakuna anayejua yatamfaidi nani. Siku kura zitakapolingana, kila kalamu itakuwa na upande wake.